Primus ya Gisenyi, bia nyeusi na kasiksi ya Idjwi: maswali yenu

Maswali ya wiki hizi karibu yote yametoka kwa watu wa nganda, zile bar za hapa Goma, na nimefurahi, juu bia tunaikunywaka kila siku na kila siku tunaisemea uongo. Nimechagua yale yenye kitu ndani. Wale mnaoulizaka bia gani ni ya kwanza duniani, musitume tena, sitajibu, kila mtu na mdomo wake.

"Mukubwa, Primus ya Gisenyi na Primus ya huku kwetu, gani njo ya kweli? Hapa Birere tunabishana kila mangaribi."

Hili swali nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka, haya, tulimalize leo. Zote mbili ni za kweli. Bralima, kampuni ya bia ya huku Kongo, ilianza Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1923 na Primus ikatoka 1926, wakati ule Rwanda haina kiwanda cha bia. Mwaka 1957 njo Bralima hiyo hiyo ikajenga kiwanda Gisenyi, upande wa Rwanda, kikaitwa Bralirwa. Kwa hiyo ile ya ng'ambo ya barrière (mpaka) ni mtoto wa hii yetu, na anayekuambia ya Gisenyi njo ya asili hajui anachosema, na anayekuambia ya Gisenyi ni ya kuiga naye hajui. Hata moto wa kupikia, kiwanda cha Gisenyi kilianza miaka ya 1960 kutumia gesi ya ziwa Kivu, ile metani iko chini kabisa ya maji haya tunaogaka.

Sasa mtu atasema lakini mimi nasikia tofauti mdomoni. Inaweza, juu maji siyo yale yale, na viwanda vya huku vinaongezaka mchele ama mahindi kwa shayiri, kila moja kwa kipimo chake. Lakini kitu kikubwa ni umri wa chupa. Jumapili moja kwa mtaa wa Himbi tulifanya jaribio watu watano, chupa zikabaki jikoni, shemeji akamimina ndani ya glasi zisizo na alama akatuletea mbili mbili. Wote tulikuwa tumeapa tutajua. Wawili wakapatia, watatu wakakosa, tukarudia, wale wawili wakakosa nao. Fanyeni hivyo Birere kabla ya kubishana tena. Na mbele ya kufungua muangalie tarehe kwenye kibandiko, bia ya namna hii haizeeki vizuri, ya mwezi uliopita itaishinda ya mwaka jana hata kama ya mwaka jana imetoka kwa kiwanda unachokipenda.

"Ni kweli bia nyeusi inalewesha kuliko nyeupe? Bibi yangu anakataa nikunywe Tembo na Turbo King, anasema nikunywe Primus juu ni nyepesi."

Papa, rangi haileweshi. Rangi inatoka kwa shayiri, ukiikaanga kidogo inatoa bia ya dhahabu, ukiikaanga sana inatoa bia ya kahawia ama nyeusi, sawa na kahawa ya kisiwa cha Idjwi kwenye kikaango. Kilevi kinatoka kwa sukari ambayo hamira imekula. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuna bia ya Ubelgiji inaitwa Duvel, ni ya manjano kama Primus lakini iko na asilimia 8.5, na Guinness ya bomba inayonywewa Dublin ni nyeusi tititi lakini iko na 4.2 tu.

Na tupige hesabu pamoja, juu hapa njo watu wanaanguka. Primus kubwa ya sentilita 72, asilimia 5: kilevi chenyewe ni mililita 36. Chupa ndogo ya Guinness Foreign Extra, sentilita 33, asilimia 7.5: karibu mililita 25. Umeona? Yule anayekunywa "nyepesi" kubwa amemeza kilevi kingi kuliko yule wa "kali" ndogo, halafu anaongeza ya pili na ya tatu juu ameambiwa ni nyepesi. Mwambie bibi yako asome asilimia na ukubwa wa chupa, azidishe, rangi aiachie macho. Na hii hadithi ya kusema bia nyeusi ni ya wanaume na nyeupe ni ya wanawake ni mambo ya matangazo, hakuna mdomo wa mwanaume na mdomo wa mwanamke.

"Guinness inaongeza damu kwa mama aliyezaa?"

Hapana. Na kama ananyonyesha, kilevi kinapita ndani ya maziwa. Mpe lengalenga, maharagi, sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa) na uji, na mtu wa familia akija na chupa kwa jina la dawa mrudishie chupa yake.

"Mbona mimi nikikunywa bia ya moto watu wa Kinshasa wananicheka? Na je ikishaingia frigo ikatoka ikarudi, imeharibika?"

Wacheke. Huku mhudumu anakuulizaka ya baridi ama ya moto, na "ya moto" maana yake ni ya joto la chumba, na mangaribi ya Goma mita 1,500 juu ya bahari hilo joto siyo la Kinshasa hata kidogo. Primus, Simba, Skol, Castel, zote hizi ni za familia ya laga, hamira yake inafanya kazi kwa baridi, na zinapendeza zikiwa kwenye digrii 4 mpaka 7. Ikiwa baridi kupita hapo ulimi unakufa ganzi husikii kitu, na njo maana bia mbaya wanakuletea ikiwa barafu. Bia nyeusi yenye mwili ichukue baridi kidogo tu, ile harufu ya kukaanga inahitaji joto ili ipande puani. Kuingia na kutoka frigo mara moja haiharibu kitu. Kinachoharibu ni joto la siku nyingi, na jua.

"Nilikunywa Heineken kwa harusi ikanuka kama mnyama wa porini. Ni ya kuiga?"

Siyo lazima, karibu hakika ni jua. Uchungu wa bia unatoka kwa ua linaitwa hopsi, na mwanga ukiligonga lile ua ndani ya bia linabadilika linatoa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia mwanga sehemu kubwa, ya kijani inazuia kidogo sana, nyeupe haizuii kabisa. Mimi mwenyewe nilinunua kasiye (kreti) nzima kwenye depo moja hapa mjini, zilikuwa zimepangwa inje mbele ya mlango, juu kabisa ya mpango, nikagusa chupa ya upande wa barabara ina moto wa sahani ya chakula, ya upande wa ukuta ni baridi. Nikalipa juu nilikuwa na haraka. Jioni wageni wakaacha glasi nusu nusu. Tangu siku ile naomba kasiye ya ndani, ya chini, hata kama muuzaji anakunja uso, na nyie muombe hivyo hivyo. Wenye madepo nao wanasoma hapa: nunueni bashi moja mufunike, bia ni chakula.

"Bia gani inaenda na sambaza?"

Laga yoyote ya baridi, sambaza zikiwa zimetoka sasa hivi kwenye mafuta, na ndimu, na pilipili. Usiiwekee nyeusi, zinagombana.

"Rafiki zangu wananicheka juu nakunywa kasiksi, wanasema ni uchafu wa watu wa kijiji. Kasiksi ni bia ama ni kitu gani?"

Hapa nitakaa kidogo, munisamehe.

Kasiksi ni bia, na nitakuonyesha. Mama mmoja wa Idjwi alinionyesha kazi yake mwanzo mpaka mwisho. Ndizi zenyewe ni zile za pombe, siyo za kupika, zinaivishwa ndani ya shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya mgomba, siku kadhaa, mpaka ganda linaachia lenyewe. Anazimenya anazitupa ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi safi, anazikanda kwa mikono, na zile nyasi njo zinashika nyama ya ndizi na kuachia maji yapite. Ukiona yale maji yanavyoanza kutoka, mwanzo hakuna kitu, anakanda tu jasho linamtoka, halafu kwa mara moja ule uji unakatika na juisi inashuka safi, rangi ya asali. Hiyo ni mutobe, hata mtoto anakunywa. Anaichuja, anaongeza maji kidogo, halafu anamwaga unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa, anafunika kwa majani. Siku mbili, tatu, inachemka yenyewe bila moto, ukisogeza sikio unasikia.

Nafaka iliyokaangwa iko, sukari iko, hamira iko, inatoka kwa ndizi, kwa mtama na kwa chombo chenyewe. Sasa musikilize hii. Karibu na Brussels kuna bia inaitwa lambic. Wanapika, wanaimwaga usiku kwenye sinia kubwa wazi, wanaacha hamira ya hewani iingie yenyewe, halafu wanaitia kwenye pipa la mti mwaka mmoja mpaka mitatu. Inatoka chachu. Wanaitia kwenye chupa yenye kizibo kama ya mvinyo, watu wanatoka nchi za mbali kuionja wanalipa vizuri, na mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lambic na kasiksi ni ndugu kwa namna ya kuchacha: hamira haikununuliwa, imetoka kwa mazingira. Moja tunaiita urithi, ingine tunaiita uchafu, na inayoitwa uchafu ni ya mama yetu. Mimi hiyo inaniuma kweli, juu yule mama amesomesha watoto na kasiksi na hakuna mtu anamuita fundi.

Uchafu unaweza kuingia, sikatai, na unaingilia kwa maji ya kuongeza. Huku kwetu kolera haijawahi kutuaga, na mtu anayechota ziwani akamwaga ndani ya bidoni (dumu) bila kuchemsha anauza ugonjwa. Kwa hiyo uliza swali moja tu: maji umechemsha? Mama wa kweli hakasiriki, anakuonyesha sufuria.

"Mimi ni wa Lubumbashi, nimehamia Goma, hapa hakuna munkoyo. Kwani munkoyo ni bia?"

Siku ya kwanza hapana, ni tamu na watoto wanakunywa. Ukiiacha iendelee inachacha, kilevi kidogo kinaingia. Ufundi wake ni ule mzizi: unapondwa, unatiwa ndani ya uji wa mahindi uliopoa kidogo, na baada ya saa chache uji mzito umekuwa mwepesi na mtamu bila sukari, juu mzizi unavunja wanga kuwa sukari. Kazi ile ile kiwandani inafanywa na shayiri iliyooteshwa. Watu wa Katanga na Zambia walishaijua kazi hiyo kwa mzizi wa porini. Mtu akisafiri mwambie akuletee mizizi mikavu, mahindi yako hapa.

"Kanyanga na kasiksi si kitu kimoja?"

HAPANA, na swali hili linanitia wasiwasi. Kasiksi imechacha tu. Kanyanga imechemshwa mvuke ukakusanywa, hakuna anayejua iko na asilimia ngapi, na wabaya wanaongezea spiriti ya kiwandani yenye metanoli, ambayo inaua macho na inaua mtu. Mtu aliyekunywa jana akaamka anaona ukungu, tumbo linamkata, anahema haraka, musimpe maziwa, musimlaze, hospitali saa ile ile. Vile vichupa vya plastiki visivyo na jina la kiwanda nao ni hivyo hivyo.

"Niko dereva wa moto (pikipiki). Primus moja tu, nikipumzika saa moja, si naweza kubeba muteja?"

Hapana. Ile mililita 36 ni karibu gramu 28, na mwili unaondoa kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Hesabu mwenyewe, ni saa tatu mpaka nne. Kahawa haisaidii, kuoga hakusaidii.

"Nitajuaje kasiksi nzuri? Nipe jina la fasi."

Jina sitoi, watajaa pale na mama ataanza kuongeza maji. Alama nakupa. Povu liwe dogo dogo na lisimame, siyo mapovu makubwa ya sabuni. Harufu iwe ndizi na mtama wa kukaanga, uchachu uje nyuma. Siku ya pili mpaka ya tatu njo yenyewe, ya nne inaanza kuvuta siki. Bidoni ifungwe kwa jani la mgomba, isifungwe kwa nguvu, ikifungwa kwa nguvu inapasuka. Mitumbwi ya Idjwi ikifika soko la Kituku asubuhi, enda na chupa yako safi, onja mbele ya kulipa, na usichelewe, saa nne zimebaki zile zilizopigwa na jua.