Wa 9 kati ya 104, lakini hajui kusoma

Dada yangu, umesema binti yako yuko darasa la tatu, ripoti ya muhula inaonyesha ameshika nafasi ya 9 kati ya 104, lakini ukimpa barua ya shule akusomee anaanza kulia. Unauliza umhamishe shule au umtafutie tuisheni. Subiri kwanza. Nimefundisha darasa la pili na la tatu miaka 14, shule ya serikali, na hili limenikuta mimi mwenyewe nikiwa upande wa mwalimu.

Mwaka mmoja nilikuwa na watoto 118 chumba kimoja. Mtihani nauandika ubaoni, na kwa kuwa wengi hawakuweza kuusoma, nikawa nawasomea maswali pamoja na majibu ya kuchagua. Hapo nilikuwa napima masikio. Binti mmoja akapata 72 ya Kiswahili. Siku moja nikamwita mezani, nikamfungulia ukurasa tuliousoma wiki nzima. Akautiririsha wote bila kukwama, kidole kikifuata mistari. Nilipoangalia vizuri, kidole kilikuwa mstari wa pili, mdomo uko wa nne. Nikachukua chaki, nikaandika sakafuni maneno yaleyale nikiwa nimevuruga mpangilio. Kimya. Nikamwandikia "ng'ombe" peke yake. Akasema, "Na... go... mbe."

Ile 72 niliiandika mimi, kwa kalamu yangu nyekundu, na mama yake alikuwa amekuja kunishukuru. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo jioni hii mpime mwenyewe. Fuata ngazi wanazotumia watu wa Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma, wanapopita majumbani: silabi, maneno, aya, halafu hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Usitumie kitabu chake, huenda amekikariri. Andika kwa mkono wako. Anza na nyepesi kama ba, ke, mu, kisha zile zinazowaangusha wengi: mwa, nya, ng'o, dhi, shwa. Akifika kwenye hadithi, muulize swali linalomtaka afikiri alichosoma. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia, hata kama ni silabi za darasa la kwanza. Na tafadhali usimgombeze. Anayelia akiona barua tayari anajua kwamba hajui.

Yule binti wangu tulianzia kwenye ng' na ny. Nilikata kadi za maboksi, tukawa tunabaki dakika 20 baada ya vipindi, yeye na wenzake sita. Baada ya miezi minne alisoma aya ambayo hajawahi kuiona.

Tuisheni nyingi nilizoziona zinarudia mitihani ya nyuma. Mtoto asiyesoma ataongeza ujuzi wa kubahatisha tu. Kuhama nako hakutamfundisha silabi.

Usingoje, maana mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na pale hakuna wa kumsomea. Tena kupasi kunaweza kukupumbaza. Mtihani wa darasa la saba hapa Tanzania una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na daraja C linaanzia 121. Mtoto anaweza kupasi akiwa ameacha zaidi ya nusu ya alama, kisha kidato cha kwanza kinampokea kwa Kiingereza. Aliyeshindwa kusoma Kiswahili chake atashika nini huko?

Shuleni nenda, ila nenda na ile karatasi uliyompimia. Ukiuliza "anaendeleaje?" utajibiwa "vizuri", maana daftari la alama linasema hivyo. Uliza, "Mwalimu, mwanangu anasoma silabi, maneno au aya?" Uliza kwa upole, mwenzetu ana watoto 104 na hana msaidizi.

Ukishampima, rudi hapa uandike silabi alizokwama. Nitakuandikia maneno ya kuanza nayo wiki ya kwanza.