Kununua Nguo Mtandaoni kwa Utaratibu

Anayekwenda Biashara Street, mtaa wa maduka ya nguo mjini Mombasa, kutafuta leso huwa na mipaka yake: jua humchosha, maduka hufungwa, na muuzaji humuuliza mapema anataka nini. Simu haina mipaka hiyo, na mtu aliyeifungua ili atafute viatu vya kazini huweza kujikuta usiku wa manane akitazama mikufu. Kwa sababu hiyo nimezoea kuandika mahitaji yangu kwanza, kabla ya kuangalia picha yoyote. Kuandika “gauni” hakutoshi. Ninaandika kwamba ni gauni la pamba la mikono mirefu, la kuvaa katika harusi ya mchana, na kwamba bei yake isizidi shilingi 2,500 pamoja na usafirishaji. Aina ya kitambaa naiweka mbele kwa makusudi, kwa kuwa poliesta nzito inayopendeza pichani huwa adhabu katika joto na unyevunyevu wa Mombasa.

Jambo linalostahili kushughulikiwa kwa makini zaidi ni vipimo. Nambari za saizi hutofautiana kati ya nchi na nchi, kiasi kwamba gauni la saizi 12 ya Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na hata viwanda vya nchi moja havikubaliani. Mwombe fundi cherehani akupime kifua, kiuno, nyonga, mabega na urefu, kisha uhifadhi vipimo hivyo kwenye simu kwa sentimita na kwa inchi, ukikumbuka kwamba inchi moja ni sentimita 2.54. Abaya, kwa mfano, aghalabu huuzwa kwa urefu wa inchi kuanzia begani hadi chini: 54 ni takriban sentimita 137, na 56 ni takriban 142. Tofauti hiyo ya sentimita tano ndiyo inayoamua kama vazi litafagia sakafu. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kulitandaza vazi linalokukaa vizuri, kulipima, na kulinganisha na jedwali la muuzaji. Asiye na jedwali mwombe vipimo. Akikujibu “inaingia kila mtu”, tafuta duka lingine.

Kwa mikoba na vipuli, soma vipimo badala ya kukadiria kwa macho, kwani picha ya karibu hukuza kila kitu.

Ukishachagua, viache vitu kikapuni hadi kesho yake, na uzime arifa za punguzo, ambazo huzidi Idi inapokaribia. Nguo za Idi zenyewe ni heri ziagizwe kabla ya Ramadhani, hasa zinazotoka ng'ambo.

Wakati wa kulipa kwa M-Pesa, soma jina la mpokeaji linaloonekana kabla hujathibitisha, ulilinganishe na jina la duka. Hifadhi pamoja ujumbe wa malipo, picha ya bidhaa na masharti ya kurudisha, ukiandika tarehe mzigo unapotarajiwa. Mzigo ukifika, ujaribu siku hiyo hiyo bila kukata lebo, kwa sababu maduka mengi hukataa kubadilisha nguo iliyoondolewa lebo au yenye harufu ya udi.