Sutra ya Moyo ni ya karne gani? Namna ya kupima umri wa andiko lisilo na tarehe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili katika masomo ya dini, na sura moja ya tasnifu yangu inahusu Sutra ya Moyo, andiko takatifu fupi la Wabuddha. Vitabu vimenichanganya. Kimoja kinasema iliandikwa India kwenye karne ya 4, kingine kinasema ni kazi ya China ya karne ya 7, kingine hakitaji karne kabisa. Msimamizi wangu anataka nitaje kipindi na nieleze nimekipataje. Wataalamu wanapimaje umri wa andiko ambalo mtunzi wake hajulikani na nakala yake ya kwanza haipo? Na mimi nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amekutendea haki kukataa karne tupu isiyo na maelezo, kwa sababu katika somo letu njia iliyotumika kuipata tarehe ndiyo inayoipa uzito.

Kwanza, tenga umri wa nakala na umri wa maneno yaliyomo. India, Sri Lanka na nchi za kusini-mashariki mwa Asia ziliandika juu ya majani ya miti ya jamii ya mvumo. Joto, unyevu na wadudu huyamaliza, kwa hiyo watawa walinakili upya kila yalipochakaa, na nakala kuukuu zikapotea. Ndiyo maana nakala nyingi za maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Wabuddha wa kusini, tulizo nazo ni za karne ya 18 na 19, ilhali tarikh za Sri Lanka zinasema yaliandikwa kwa mara ya kwanza karne ya 1 KK, enzi za mfalme Vattagamani. Kuna kurasa nne za sheria za watawa zilizohifadhiwa Kathmandu, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 8 au 9, na hizo huhesabiwa miongoni mwa nakala kongwe za Kipali zilizobaki. Nakala hukwambia jambo moja tu: andiko halikutungwa baada yake. Limetangulia kwa muda gani, nakala haisemi.

Kipimo cha kaboni 14 nacho kina mpaka huohuo. Kinapima gome au jani lilikatwa lini, hakipimi maneno. Hata hivyo kimetufaa sana kwa magombo ya magome ya mbetula kutoka Gandhara, eneo la mpaka wa Pakistan na Afghanistan ya leo. Maktaba ya Uingereza ilipokea magombo ya namna hiyo mwaka 1994, yakiwa kwenye mitungi ya udongo, na Richard Salomon wa Chuo Kikuu cha Washington aliongoza kazi ya kuyasoma. Yako katika lugha ya Kigandhari na mwandiko wa Kharosthi, na yanakadiriwa kuwa ya karne ya 1 BK. Baadaye likapatikana gombo jingine la Kigandhari lenye sehemu ya Ukamilifu wa Hekima, jamii ya maandiko ambamo Sutra yako ya Moyo imo. Wasomi Harry Falk na Seishi Karashima walilichapisha, na kipimo cha kaboni kililiweka kati ya karne ya 1 na ya 2.

Sasa shahidi mkuu: tafsiri za Kichina. India ya kale haikujali sana kuandika tarehe, lakini China ilijali. Andiko lilipotafsiriwa Luoyang au Chang'an, miji mikuu ya kale ya China, mara nyingi iliandikwa nani alitafsiri na mwaka gani. Lokaksema, mtawa wa asili ya Kushan, alitafsiri Ukamilifu wa Hekima wa mistari 8,000 huko Luoyang mwaka 179. Kwa hiyo tunajua kwa hakika kwamba kufikia mwaka huo andiko hilo lilikuwapo, na linganisho na lile gombo la Kigandhari linaonyesha lilivyozidi kurefuka katika karne zilizofuata.

Ila usimeze kila jina lililoandikwa juu ya tafsiri ya Kichina. Orodha za kale za maandiko ziliandikwa na watu waliotofautiana kwa umakini. Dao'an, aliyetunga orodha yake mwaka 374, alikuwa mwangalifu, na Sengyou aliihifadhi kazi yake ndani ya orodha yake mwenyewe mwanzoni mwa karne ya 6. Fei Changfang, aliyeandika mwaka 597, aligawa tafsiri zisizo na mwenyewe kwa watafsiri maarufu. An Shigao, mtafsiri wa karne ya 2, alikuwa na kazi thelathini na kitu kwa hesabu za awali. Kwa Fei zikafika 176. Orodha za baadaye zilirithi majina hayo, yakaingia hadi kwenye matoleo ya kuchapwa ya karne ya 20. Ukikuta jina la mtafsiri, uliza limetajwa kwanza katika orodha ipi. Kwa maoni yangu hapa ndipo tasnifu nyingi huvuja.

Tuje kwenye Sutra ya Moyo yenyewe. Toleo fupi la Kichina, linalonasibishwa na Xuanzang, mtawa na mtafsiri wa China wa karne ya 7 aliyesafiri hadi India, lina herufi 260 za Kichina tu, na limeanza kwa namna ya ajabu: hakuna “Nimesikia hivi” ambayo sutra huanzia, Buddha hayupo, na msemaji ni Avalokiteshvara, bodhisattva (mtakatifu wa Kibuddha) wa huruma, ambaye kwa kawaida hana kazi katika maandiko ya Ukamilifu wa Hekima. Mwishoni kuna mantra, yaani maneno matakatifu ya kukaririwa. Kwa miaka mingi wasomi waliona huo ni muhtasari uliofanywa India, na ndipo ilipotoka ile karne ya 4 uliyoisoma.

Mwaka 1992 Jan Nattier, msomi wa Ubuddha kutoka Marekani, alichapisha makala iliyobadilisha mjadala. Alichukua sehemu ya kati ya sutra, ile ya umbo na utupu, akailinganisha katika matini nne: Sutra ya Moyo ya Kichina, Sutra ya Moyo ya Kisanskriti, Ukamilifu wa Hekima Mkubwa (andiko refu la jamii hiyo) wa Kichina uliotafsiriwa na Kumarajiva, mtawa mtafsiri wa Chang'an, na kukamilika mwaka 404, na huohuo Mkubwa wa Kisanskriti kutoka nakala za Gilgit, kaskazini mwa Pakistan ya leo, zilizogunduliwa 1931. Matini mbili za Kichina zilifanana karibu neno kwa neno. Zile mbili za Kisanskriti zilifanana kwa maana, lakini si kwa maneno.

Tazama kwa karibu. Mkubwa wa Kisanskriti unasema, kwa tafsiri yangu, “umbo si jambo moja na utupu jambo jingine”. Kumarajiva akaiweka kwa Kichina: “umbo halitofautiani na utupu, utupu hautofautiani na umbo”. Sutra ya Moyo ya Kisanskriti inasema: “utupu haujatengana na umbo, umbo halijatengana na utupu”. Mbele kidogo, Mkubwa unatumia vitenzi vya umoja: utupu “hauzaliwi, haukomi”. Kichina hakionyeshi umoja wala wingi, na neno lilelile laweza kuwa kitenzi au kivumishi. Sutra ya Moyo ya Kisanskriti ina vivumishi vya wingi: mambo yote ni “yasiyozaliwa, yasiyokomeshwa”. Mtu aliyekuwa na Mkubwa wa Kisanskriti mezani asingekuwa na sababu ya kuyabadili maneno hayo yote. Mtu aliyekuwa na Kichina peke yake angelazimika kuchagua, na angechagua hivyohivyo. Mpe Mwingereza “haraka haraka haina baraka” aiweke kwa lugha yake, kisha mwingine asiyeijua methali airudishe kwa Kiswahili: atakuletea “mwendo wa kasi hauleti neema”. Maana imerudi, methali imepotea njiani, nawe utajua imepita wapi.

Hitimisho la Nattier: kiini kilichotwa China kutoka tafsiri ya Kumarajiva, kikaongezewa utangulizi na mantra, kisha kikatafsiriwa kwenda Kisanskriti. Ushahidi wa nje hauipingi hoja hiyo. Sutra ya Moyo imechongwa kwenye jiwe huko Fangshan, karibu na Beijing, mwaka 661, na kwenye jiwe jingine huko Xi'an mwaka 672. Fafanuzi kongwe tulizo nazo ni za Kuiji na Woncheuk, wote wa karne ya 7 na wote wa mduara wa Xuanzang. Fafanuzi za Kihindi zilizohifadhiwa kwa Kitibeti zinakuja baadaye, kuanzia karne ya 8.

Wasomi kadhaa wa Japani walimpinga, na lazima uwataje. Hoja mojawapo inamtumia Woncheuk, anayerejelea nakala ya Kisanskriti. Naichukua kwa uzito, lakini inathibitisha tu kwamba Kisanskriti kilikuwapo karne ya 7, haithibitishi kwamba kilitangulia Kichina. Mimi naona Nattier ana hoja yenye nguvu zaidi, kwa kuwa inasimama juu ya maneno yenyewe.

Jambo moja nakuomba ulilinde. Usiandike kwamba sutra hii ni “ya kughushi”. Wasifu wa Xuanzang ulioandikwa na wanafunzi wake unasema alipewa andiko hili na mgonjwa mwenye vidonda aliyemhurumia huko Sichuan, kabla ya kwenda India mwaka 629, na alilisoma kwa sauti jangwani kujikinga na mapepo. Hata tukiweka kando muujiza, habari hiyo inatuonyesha andiko la kukaririwa: fupi, rahisi kushika kwa moyo, lenye mantra ya kufungia. Ndivyo linavyotumika hadi leo katika mahekalu ya Japani, Korea, China na Vietnam, ambako watawa na waumini hulighani kila siku kwa mdundo mmoja. Kukusanya vifungu kwa ajili ya ibada ilikuwa desturi halali kati ya Wabuddha wa China. Sura yako ikieleza ibada hiyo, lile swali la kwa nini Buddha hayupo na kwa nini mantra ipo litapata jibu bila kumdhalilisha mtu yeyote anayeiamini.

Basi andika hivi: toleo fupi liliundwa kwa Kichina baada ya mwaka 404, kwa kuwa limenukuu Kumarajiva, na kabla ya 661, kwa kuwa limechongwa, inaelekea lilikuwapo kabla ya 629 ukikubali wasifu wa Xuanzang. Toleo la Kisanskriti, kwa hoja ya Nattier, lilifuata Kichina. Toleo refu, lenye “Nimesikia hivi” na Buddha akiwapo, ni la baadaye kuliko fupi. Kwa kila mpaka taja ushahidi wake. Matini za Kichina utazisoma bure kwenye hifadhi za mtandaoni za CBETA ya Taiwan na SAT ya Tokyo. Kifungu cha Kumarajiva kitafute katika andiko namba 223 la toleo la Taisho, mkusanyiko wa maandiko ya Kibuddha ya Kichina uliochapwa Japani, na Sutra ya Moyo ni namba 251. Ziweke sambamba ukurasa mmoja katika kiambatisho, ili msimamizi wako azione kwa macho yake.