Wadogo zangu, msikate waya kwanza

Gitaa la tatu mwezi huu limefika mezani likiwa limefunuliwa tumbo, nobu ziko kwenye kopo la Blue Band, na mwenyewe ana sentensi moja tu: "Kaka, nimebadilisha pikapu, sasa halilii kabisa." Nyaya zimekatwa kwa koleo, zikaungwa kwa kusokotwa na kuvishwa selotepu. Picha hakuna. Mchoro hakuna. Ukimuuliza waya mweusi ulikuwa unakwenda wapi, anaangalia feni.

Basi tuandike, maana kusema kwa mdomo kumechosha. Na hizi ni pikapu za gitaa, zile koili zenye sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, siyo zile za kubeba mchanga.

1. Piga picha kabla pasi ya kulehemu haijapata moto. Ya kwanza poti zote (vile vidhibiti vya voliumu na toni vilivyo chini ya nobu), ya pili swichi kwa karibu, ya tatu jeki, tundu la kuchomekea kebo. Halafu usikate: yeyusha risasi ya kulehemu, chomoa waya mzima. Pikapu ya zamani utaitaka tena siku utakapouza gitaa, na waya wa sentimita nane haufiki popote.

2. Pima kabla hujanunua. Chomeka kebo kwenye gitaa, mita ya kupimia umeme iwe kwenye ohm 20k, shika ncha na shina la plagi ya upande wa pili, voliumu ifunguliwe yote. Singo, yaani pikapu ya koili moja, ya Stratocaster kwa kawaida inasoma kati ya 5.5k na 7k. Hambaka, yaani ya koili mbili, ya mtindo wa zamani ni 7k hadi 9k, na zile za kupigia roki nzito zinafika 13k hadi 16k. Nafasi ya swichi inayochanganya singo mbili inasoma karibu nusu ya moja, kwa hiyo usiruke ukiona 3k. Mita isiposoma kitu, koili imekatika au njia ya waya imekatika mahali. Ikisoma sifuri, kuna shoti, au voliumu umeifunga. Namba ikichezacheza ukitikisa plagi, tatizo ni jeki, na kwa hewa yetu ya chumvi jeki ndiyo inayoanza kuchakaa. Safisha, kaza mguu wake, na hela ya pikapu ibaki mfukoni.

Hapo hapo kuna ugonjwa wa namba kubwa. Kijana anataka solo la dansi, lile la nyuzi safi zinazopenya katikati ya rithimu, besi na tarumbeta, halafu ananunua hambaka ya sumaku ya seramiki yenye 16k kwa sababu 16 ni kubwa kuliko 8. Kilo-ohm zinakueleza urefu na unene wa waya uliozungushwa, hazikuelezi ubora. Mizunguko mingi inaongeza nguvu na inakula sauti ya juu. Ukiwasikiliza Msondo au Sikinde, kila noti ya solo inasikika peke yake. Ukiweka 16k pale unapata uji.

3. Poti: 250k kwa singo, 500k kwa hambaka, kwa sababu poti imekaa sambamba na pikapu na ikiwa ndogo inavujisha sauti ya juu kwenda ethi, yaani upande wa ardhini. Voliumu iwe yenye herufi A. Ukiweka B, utazungusha kutoka 10 mpaka 3 husikii tofauti ya maana, kisha inadondoka ghafla. Magitaa mengi ya bei nafuu yana matundu ya milimita 8 yaliyochongwa kwa ajili ya poti ndogo, na poti kubwa za CTS zinataka 9.5. Panua kwa tupa ya mviringo, taratibu, ukianzia upande wa rangi. Yule aliyetumia drili ya ukutani anajijua. Nobu za zamani nazo zinaweza zisiingie kwenye shina jipya, angalia meno kabla hujalipa. Kapasita ya toni ni 223 kwa hambaka, 473 kwa singo. Iliyochomolewa kwenye redio mbovu inafanya kazi ile ile ikiwa thamani yake ni sahihi, hata kama kuna watu watakununia.

4. Rangi za nyaya. Hapa lazima tuungame, maana meza hii hii imeaibika.

Hambaka nyingi za kisasa zina nyaya nne za rangi na mmoja uchi. Ni nne kwa sababu ndani kuna koili mbili, na kila koili ina mwanzo na mwisho. Rangi hizo hazina sheria moja duniani. Kwa kampuni ya Seymour Duncan, mweusi ndio waya wa moto, unaobeba sauti, mwekundu na mweupe zinaungwa pamoja na kufunikwa, wa kijani unakwenda ethi na ule uchi. Kwa kampuni ya DiMarzio, mwekundu ndio wa moto, mweusi na mweupe zinaungwa pamoja, wa kijani ethi na ule uchi. Tazama jinsi mtego ulivyotegwa: kijani hakibadiliki, mweupe uko kwenye muungano kote kote. Macho yanaona vinafanana, mkono unaendelea.

DiMarzio ikafungwa kwa mchoro wa Duncan, kwa sababu mchoro wa Duncan ndio uliokuwa umebandikwa ukutani na "tunaujua kwa kichwa". Matokeo yake, koili moja ikasimama kichwa chini dhidi ya mwenzake. Hambaka imeundwa hivi: sauti ya nyuzi kutoka koili mbili inajumlishwa, na mvumo wa umeme unafutana. Ukigeuza koili moja, mvumo ndio unaojumlishwa na sauti ndiyo inayofutana. Gitaa likalia kwa puani, besi imehama, na mvumo wa hertsi 50 umekaa juu kama mwenye nyumba.

Na mita ikawa shahidi wa uongo. Ilisoma sawasawa na karatasi ya kwenye boksi, kwa sababu ohm hazijali mwelekeo; koili mbili zinazofuatana zinajumlika hata moja ikiwa imepinduliwa. Kwa kuwa mita imesema pikapu ni nzima, lawama ikaanza kutembea. Poti ikabadilishwa. Kapasita ikabadilishwa. Ikaja swichi mpya ya njia tatu. Nyuzi zikalegezwa na kukazwa mpaka ule mwembamba ukakatika. Muuzaji wa watu akapigiwa simu, akaambiwa ameuza feki, akajibu kwa upole ambao hadi leo unauma. Siku tatu. Dawa ilikuwa kubadilishana mwekundu na mweusi, kazi ya dakika nne.

Kipimo ambacho kingeokoa siku hizo hiki hapa. Pikapu ikiwa bado mkononi, unga nyaya kama unavyotaka kuzifunga, mita kwenye 20k. Laza bisibisi ya chuma juu ya vichwa vya koili ya kwanza, kisha inua ghafla. Namba inaruka juu au chini kidogo, halafu inarudi. Fanya vilevile kwenye koili ya pili. Zote mbili ziruke upande mmoja. Moja ikipanda na nyingine ikashuka, umegeuza koili. Kisha linganisha na pikapu ya shingoni, nayo iruke upande ule ule, la sivyo kila moja italia vizuri peke yake na zikiwa pamoja zitalia kama redio ndani ya ndoo. Hapo badilisha wa moto na wa kijani kwenye pikapu moja, ule uchi ubaki ethi. Lakini pikapu ya waya mmoja wenye wavu wa chuma kwa nje usiigeuze hivyo: wavu umeshikana na kava, kava litakuwa antena, na ukiligusa litanguruma.

Na huo mchoro wa ukutani ulishachanwa.

5. Ethi. Kutoka nyuzi mpaka shina la jeki mita isome karibu na sifuri. Isiposoma hivyo, waya wa chini ya daraja umechomoka. Mvumo ukipungua unaposhika nyuzi, waya huo ni mzima na unachohitaji ni tepu ya shaba ndani ya shimo. Mvumo ukizidi unaposhika, anza kushuku jeki iliyofungwa kinyume au soketi isiyo na ethi. Hilo la soketi siyo la mzaha. Nyuzi zako zimeungwa na bodi ya amplifaya, na kwenye ukumbi ambao soketi zake hazina ethi, mdomo ukigusa maiki unaweza kupigwa na umeme hasa. Usikate waya wa daraja kama tiba, usivunje mguu wa ethi wa plagi. Mwite fundi umeme apime soketi.

6. Pasi ya wati 40 hadi 60, ncha pana, risasi yenye dawa ndani. Mgongo wa poti usugue kwa msasa, upakae risasi kwanza, kisha sekunde tatu au nne inatosha. Ukikaa sana unaikaanga njia ya kaboni iliyo ndani. Dawa ya mafundi bomba ina asidi, itatafuna nyaya. Na angalia salio la LUKU.

7. Ukibonyeza fret ya mwisho, acha kati ya pikapu na uzi milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 2.5 upande wa mnene. Singo zenye sumaku za fimbo zikisogea sana, zinavuta nyuzi na gitaa linakataa kutyuniwa.

Yule wa kopo la Blue Band: pikapu zako ni nzima. Mguu wa moto wa jeki ulikuwa umegusa ile foili uliyobandika. Njoo Jumamosi mchana, uje na kopo, kuna nobu moja haionekani.