Kilatini ni lazima?

Ndugu yangu, umeuliza kama anayetaka kuwa mhadhiri wa falsafa ya akina Descartes, wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya kumi na saba, lazima ajue Kilatini. Kwa shahada ya kwanza, hapana, tafsiri zinatosha. Ukifika uzamivu huna pa kukimbilia. Tafakuri za Descartes zilitoka 1641 kwa Kilatini, kitabu cha Spinoza, Maadili, cha 1677 vivyo hivyo, na makaratasi ya Leibniz kule Hannover mpaka leo wahariri hawajayamaliza. Kifaransa nacho usikiache. Barua ya Mei 1643, binti mfalme Elisabeth wa Bohemia anapombana Descartes amweleze roho isiyo na umbo inausukumaje mwili, ni ya Kifaransa. Mimi hufungua muhula na barua hiyo, hata wa viti vya nyuma huamka.

Na anayekwambia fani hii ni ya Wazungu tu, mwonyeshe mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim, Ghana ya leo. Alitetea tasnifu yake Wittenberg, Ujerumani, 1734, kwa Kilatini, akimpinga Descartes huyohuyo, kisha akafundisha Halle na Jena.

Ajira ni chache, sikufichi. Sarufi ianze sasa, nusu saa asubuhi kabla hujashika simu.