Maswali na majibu: h ya mtafiti wa ubongo

Shikamooni. Nasoma uzamili na natafuta msimamizi wa utafiti wa ubongo. Wasifu wa mmoja unasema "h 5, i10 4". Maana yake nini? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Vyote viwili ni vipimo vya jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake. Kupata h, chukua makala zake zote, zipange kuanzia iliyonukuliwa mara nyingi zaidi, kisha uzipe namba. Tuseme anazo nane, zilizonukuliwa mara 60, 33, 21, 12, 6, 5, 4 na 1. Shuka nazo moja moja, ukitazama kama idadi ya kunukuliwa inafikia namba ya mstari. Makala ya tano ina 6, imepita. Ya sita ina 5, imepungukiwa moja. Basi h ni 5: makala tano, kila moja imenukuliwa walau mara 5. Ile i10 ni idadi ya makala zilizonukuliwa walau mara 10, nazo hapo ni nne.

Kipimo cha h kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na kina upofu wake. Makala ya kwanza hata ingenukuliwa mara 6,000 badala ya 60, h ingebaki 5 ileile. Tena kwa kawaida haishuki: aliyeondoka maabara miaka kumi iliyopita, h yake bado yaweza kupanda.

Kwa hiyo panga orodha yake kwa mwaka, usome miaka mitano ya karibuni. Katika sayansi ya ubongo jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya jaribio, la mwisho ni la mwenye maabara. Ukikuta yeye yuko mwisho na wanafunzi wake wako mwanzo, makala baada ya makala, huyo analea watu. Kwako wewe hilo lina uzito kuliko h.

Google Scholar inanipa h 19, Scopus 12. Niandike ipi kwenye maombi ya kazi? (Msomaji, Nairobi)

Zote ni sahihi, ila vikapu ni viwili. Google Scholar huokota nukuu popote mtandaoni: tasnifu, ripoti, hata rasimu ambazo wahakiki hawajazipitia. Scopus huhesabu majarida na vitabu ilivyovichagua. Andika namba pamoja na chanzo na tarehe, kwa mfano "h 12, Scopus, 3 Machi 2025". Na usimpime mtu kwa Google na mwenzake kwa Scopus.

Makala yangu moja ina jina langu na la baba, nyingine langu na la babu. Mtandaoni nimekuwa watu wawili. (Msomaji, Tanga)

Tatizo hili linawaumiza watafiti wengi wa kwetu, maana mifumo hii hutegemea jina moja la ukoo lisilobadilika. Jisajili ORCID, kitambulisho cha watafiti mtandaoni, ni bure, upate namba yako ya tarakimu 16. Ingiza humo kila namna jina lako lilivyochapishwa, kisha chagua moja na usiibadilishe tena. Scopus ina fomu ya kuomba wasifu mbili ziunganishwe. Kwenye Google Scholar, ongeza mwenyewe makala zilizoachwa, na uzime uongezaji wa moja kwa moja ili uulizwe kwanza kwa barua pepe. Usipofanya hivyo, makala za wajina wako zaweza kuingia kwako.

Je, mwenye nukuu nyingi ndiye mtafiti bora? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Anayetengeneza zana hunukuliwa na kila anayeitumia. Karl Friston, mwanasayansi wa ubongo wa London, ananukuliwa mno, na sehemu kubwa inatokana na mbinu zake za kuchambua picha za ubongo. Mtu anayerekodi umeme wa seli moja moja za neva kwa elektrodi hufanya kazi ya miaka kwa makala chache. Kwa mfano, mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walichapisha kurasa tano tu kuhusu seli za hipokampasi (sehemu ya ubongo) ya panya zinazoamka mnyama akifika mahali fulani. O'Keefe alipata Nobel mwaka 2014, miaka 43 baadaye. Linganisha watu wa fani moja na umri mmoja wa kazi, halafu usome makala tatu za kila mmoja. Njia ya mkato hatuijui.

Makala ikifutwa na jarida, nukuu zake nazo hufutwa? (Msomaji, Mwanza)

Hazifutwi. Nature ilichapisha mwaka 2006 makala maarufu kuhusu protini ya amiloidi na kumbukumbu za panya, ikafutwa Juni 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Kufikia hapo ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 2,000, na kufutwa hakuziondoi nukuu hizo. PDF uliyoihifadhi zamani haitakuonya, kwa hiyo kabla ya kunukuu fungua ukurasa wa jarida lenyewe kwa DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni, utafute tangazo la kufutwa. Ukitumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, itakuwekea alama nyekundu kwenye makala inazojua zimefutwa. Kama umeshatuma andiko lako kwa jarida, mwandikie mhariri leo, umwambie ni aya ipi inayoitegemea.