Zahanati: tung'oe luva tuweke aluminiamu?

Mkuu, umeuliza kama kamati ya zahanati yenu ing'oe madirisha ya zamani ya luva (yale ya vipande vya kioo vinavyogeuzwa) iweke ya aluminiamu ya kusukuma. Kabla hamjapatana na fundi, fikirieni hewa kwanza. Luva ikifunguliwa, karibu dirisha zima linapitisha upepo. La kusukuma lenye vioo viwili linafunguka nusu tu, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Kwa chumba wanachosubiri wagonjwa wa kifua, nusu hiyo ni hasara kubwa sana. Mwongozo wa WHO wa 2009 unataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi za kawaida na sehemu za wagonjwa wa nje. Hewa hiyo ndiyo inayopunguza vijidudu vya TB chumbani.

Mimi ningeanza na ukarabati. Fremu ikiwa nzima, badilisheni vioo vilivyopasuka na vishikio vilivyolegea, basi. Kama mbao imeoza, agizeni madirisha ya kufunguka kwa bawaba, yawe ya mbao au aluminiamu, na nyavu za mbu ziwe za kutoa ili zioshwe. Wavu ukijaa vumbi, upepo haupiti vizuri hata dirisha likiwa wazi kabisa.

Halafu rangi ya zamani msiikwangue ikiwa kavu, huenda ina madini ya risasi. Ilowesheni, na siku hiyo watoto wasiwepo karibu. Nondo za madirisha zisizo na kutu ziacheni.